Dhahabu Inaondoka kwa Ndege, Viwanda Vinapita Darajani

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Sengerema narudi mjini, nikashuka upande wa Busisi kumsubiri shemeji ambaye pikipiki yake ilipata pancha huko nyuma, basi nikakaa pale karibu saa nzima naangalia malori yanavyoingia darajani. Daraja lenyewe mnalijua, Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 hivi, limefunguliwa Juni 2025, kabla ya hapo ilikuwa feri na foleni, ukikuta siku mbaya unakula mihogo ya kukaanga mpaka unashiba na zamu yako haijafika. Sasa hivi dakika chache umevuka.

Kilichonishika ni mizigo. Yanayoelekea Geita yamejaa: matenki ya mafuta, simenti, mabomba, yale matairi ya dampa ambayo likisimamishwa linamzidi mtu mzima urefu, vyuma vimefunikwa maturubai. Yanayorudi Mwanza mengi yanalia kakara kakara, matupu. Na dhahabu? Dhahabu ya mgodi kama wa Geita huwezi kuikuta kwenye foleni ya malori, inamiminwa kwenye tofali dogo ambalo unaweza kulibeba kwa mikono miwili, inalindwa, inapanda ndege, basi.

Nimeanza na hilo kwa sababu kuna swali linarudi kila siku vijiweni, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi: migodi mikubwa imeanza muda mrefu, Geita tangu 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009, nchi inauza nje dhahabu ya zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka, mbona huku Kanda ya Ziwa hatuoni viwanda vya kueleweka? Na jibu linalokuja haraka ni "tunaibiwa". Sikatai kwamba mikataba ya mwanzo ilikuwa mibovu, nitaifikia. Ila hata siku ambayo hakuna anayeiba hata gramu moja, viwanda visingekuja vyenyewe, na sababu iko kwenye dhahabu yenyewe ilivyo.

Njia moja ya madini kuleta viwanda ni kuongezwa thamani hapa hapa. Chukua pamba kwanza, sisi wote huku tumelelewa na pamba. Mkulima wa Kwimba anavuna, pamba inaenda jineri, pale inatoka nyuzi na inatoka mbegu, mbegu inakamuliwa mafuta, yanabaki mashudu ng'ombe anakula, nyuzi zinaenda kusokotwa, zinafumwa kitambaa, kitambaa kinakuwa shati. Kila hatua thamani inapanda na kila hatua kuna watu wanafanya kazi. Ndo maana enzi za ushirika wa Nyanza, Mwanza ilipata majineri na baadaye kiwanda cha nguo cha Mwatex. Sangara hivyo hivyo, anaingia kiwandani mzima anatoka minofu, mabondo, vile vibofu vya ndani, yana soko lake China, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yanabaki yanakaangwa mtaani.

Sasa dhahabu. Tofali linalotoka mgodini tayari ni dhahabu kwa sehemu kubwa sana, tuseme 90%, iliyobaki ni fedha na shaba na uchafu mwingine. Ukiwa na kilo moja ya tofali la hivyo una gramu 900 za dhahabu safi, na mnunuzi anakulipa kwa hizo gramu 900. Ukiipeleka ikasafishwa ikafika ile 99.99% unatoka na gramu 900 zile zile. Bei ni ile ile ya dunia. Ulichoongeza ni ada ya kusafisha, na hiyo ni kipande kidogo sana cha thamani ya mzigo. Yaani thamani karibu yote ilishaingia tangu jiwe likiwa linasagwa na kuloweshwa sayanaidi, kule mgodini.

Hapa ndo watu wengi tunapotea. Mwanza tuna mtambo wa kusafisha dhahabu, Rais Samia aliuzindua Juni 2021, STAMICO, shirika la madini la serikali, lina hisa 25% na wengine ni wawekezaji wa nje, uwezo wake kilo 480 kwa siku. Piga hesabu, kwa mwaka ni zaidi ya tani 170, na nchi nzima haizalishi hata nusu ya hiyo. Geita nao wana mtambo wao na Dodoma upo. Mi naona ni vizuri mitambo hii ipo, naiunga mkono kabisa, lakini faida yake ni nyingine: inajulikana dhahabu kiasi gani imetoka na ya nani, na Benki Kuu inapata pa kununulia akiba yake ndani ya nchi. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau 20% ya dhahabu yao isafishwe hapa na iuzwe Benki Kuu, na anayefanya hivyo analipa mrabaha, yaani malipo ya serikali kwenye thamani ya dhahabu, wa 4% badala ya 6% na ada ya ukaguzi anasamehewa. Hiyo inaipa nchi akiba. Lakini mtambo kama ule hauhitaji watu wengi, na hauzai kiwanda kingine pembeni yake. Mtu akikwambia tumeshapata kiwanda cha dhahabu kwa hiyo uchumi wa viwanda umefika Mwanza, mwambie bado.

Njia ya pili ambayo madini yanaweza kuleta viwanda ni hela ya serikali, kodi inakusanywa halafu inajenga vitu. Hii imebadilika sana na ni haki tuseme. Sheria ya 1998 ilikuwa inatoza mrabaha 3% kwenye dhahabu, na misamaha kibao, ilikuwa ni kumbembeleza mwekezaji. Sheria ya 2010 ikapandisha ikawa 4%. Halafu ikaja 2017, mnakumbuka zile kontena 277 za makinikia, ule mchanga wenye dhahabu na shaba, zilizozuiliwa bandarini Dar, kamati za uchunguzi za Profesa Mruma na Profesa Osoro, nchi nzima tulikuwa tunaangalia TV. Mwaka huo mrabaha ukawa 6%, ikaongezwa ada ya ukaguzi 1%, na serikali ikapewa hisa zisizopungua 16% bila kuzilipia. Januari 2020 ndo ikasainiwa mikataba na kampuni ya Barrick, ikazaliwa Twiga, kampuni ya ubia kati yake na serikali.

Kwa hesabu ya haraka, dhahabu ya shilingi bilioni 100 ikiuzwa nje, mrabaha ni bilioni 6, ukaguzi bilioni 1, na halmashauri yenye mgodi inapata ushuru wa huduma usiozidi 0.3%, yaani milioni 300 kwa juu kabisa. Zamani mikataba mingine ilikuwa inasema halmashauri ilipwe dola 200,000 tu kwa mwaka hata dhahabu ipande vipi, sasa hivi inaenda na mauzo. Kuna kodi ya mapato kwenye faida na kodi za mishahara pia. Lakini angalia hela kubwa inaenda wapi: Hazina, kwenye mfuko mmoja na hela za nchi nzima. Na ule ushuru wa huduma unaenda halmashauri ambayo mgodi umo. Geita ilikuwa mkoa wa Mwanza mpaka 2012 ilipopewa mkoa wake, kwa hiyo Jiji la Mwanza kwenye ule ushuru halina chake. Jiji linakula kwa njia nyingine, hoteli, maduka ya spea, mabenki, uwanja wa ndege, hospitali. Ni biashara, sio viwanda.

Ikabaki njia ya tatu, na hii ndo ile ya malori pale Busisi: vitu ambavyo mgodi unanunua ili uweze kuchimba. Mgodi mkubwa unakula kila siku. Unasaga mawe kwenye mapipa makubwa yanayozunguka, ndani yake kuna goroli za chuma, na zile goroli zinalika, zinaisha, zinaongezwa tena na tena mwaka mzima. Unahitaji chokaa kwa wingi kwa sababu yale maji ya sayanaidi yakianza kuwa na tindikali yanatoa gesi ya sumu, na chokaa ndo inazuia hilo, kwa hiyo haikosekani hata siku moja. Unahitaji nyavu za chuma na nondo za kushikilia miamba chini ya ardhi, ovaroli, buti, mabomba ya plastiki, boksi za mbao za sampuli, chakula cha watu maelfu, baruti, mafuta, matairi. Hela inayotumika hapa ni nyingi kuliko mrabaha, tena mbali, na inatumika kila mwezi hata kama faida haijapatikana.

Swali la maana basi ni hili: katika hivyo vyote, vingapi vimetengenezwa ndani ya kilomita 300 kutoka mgodini? Chokaa nyingi inatoka Tanga, zaidi ya kilomita 1,000. Goroli na baruti na sayanaidi nyingi zinashuka bandarini.

Serikali ililiona hili, 2018 zikatoka kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini, zinasema mgodi uanze na kampuni ya Kitanzania kabla ya kutafuta nje, na kampuni ya nje inayotaka kuuzia mgodi iwe na mbia Mtanzania mwenye angalau 20%. Mwaka 2025 ikatoka na orodha ya bidhaa na huduma ambazo wapewe Watanzania asilimia 100. Nzuri. Ila kuna kitu ndani yake kinanikera sana na naomba nikieleze taratibu kwa sababu takwimu zake zinadanganya macho.

Tuseme mgodi umenunua goroli za bilioni 5 kutoka kampuni ya Kitanzania yenye ofisi Mwanza. Kwenye ripoti hayo ni manunuzi ya ndani, bilioni 5, tunapiga makofi. Lakini ile kampuni ina chumba kimoja, meza mbili na mashine ya EFD ya kutolea risiti, imeagiza goroli kutoka nje, zimeshuka Dar, zimepanda lori, zimepita darajani. Hapa kwetu imebaki faida ya katikati na nauli ya lori. Sasa fikiria kuna mtu Nyakato ana tanuru, ananunua vyuma chakavu vya hapa hapa, anayeyusha, anamimina kwenye kalibu, anatoa goroli. Amenunua kwa wauza chuma chakavu wa Mabatini, amelipa umeme, ameajiri vijana, amepata ujuzi ambao kesho atatengenezea vipuri vya mashine ya kusaga mahindi. Hela ni zile zile bilioni 5 na karatasi ni ile ile, lakini moja imeacha kiwanda na nyingine imeacha risiti. Ningekuwa na uwezo ningetaka ripoti ziache kuuliza mwenye kampuni ni nani tu, ziulize pia kitu kimetengenezwa wapi.

Na kutengeneza sio rahisi kama kusema. Nina kaka yangu mmoja, sio wa kuzaliwa naye ila tumekua wote Igogo, ana karakana, anachomelea na ana mashine ya kuchonga vyuma. Miaka michache nyuma alipata kazi kupitia kampuni moja iliyokuwa na mkataba mgodini, siitaji, ya kutengeneza ngazi na vizuizi vya chuma. Kazi ilikuwa nzuri, walipima, walikubali. LPO, ile hati ya kuagiza kazi, ilisema malipo siku 60. Zikapita 60, zikapita 90, hela ikaja kuingia kwenye mwezi wa sita wa kungoja, na yeye chuma alinunua kwa mkopo wa riba. Vijana wanne wakaondoka. Nilienda kumtembelea kipindi hicho nikamkuta amekaa juu ya mtungi wa gesi ameshika faili la karatasi zilizopigwa mihuri, kila karatasi iko sahihi, hela ndo haipo. Akaniambia, "Mdogo wangu, kazi ninaiweza, kusubiri ndo siwezi." Tangu siku hiyo mtu akisema Watanzania hawana uwezo wa kuuzia migodi mi namfikiria yule kaka. Uwezo wa mkono upo. Mtaji wa kungoja, vyeti vya ubora, tenda iliyoandikwa Kiingereza kurasa 80, umeme usiokatika katikati ya kumimina chuma, hivyo ndo vinamkwamisha.

Halafu sasa njoo upande wa pili ambao watu wa takwimu wanaupita haraka, wachimbaji wadogo. Ukienda Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa, utasikia karasha zinasaga usiku na mchana. Karasha ile imetengenezwa wapi? Nyingi zimechomelewa hapa hapa, Geita, Katoro, Kahama, Mwanza. Fundi kakata bomba nene, kaweka bamba ndani, kafunga mota, kaweka goroli, mashine imekamilika, ikiharibika anaitwa na simu anafika na bodaboda. Mialo ya kuoshea inatengenezwa hapa, winchi za kuvutia viroba kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, zinatengenezwa hapa, matanki ya kuloweshea marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, yanajengwa hapa, na ile kaboni iliyobeba dhahabu kutoka kwenye matanki inavuliwa dhahabu yake kwenye mitambo ya elusheni iliyoko huku huku Kanda ya Ziwa. Bila kanuni yoyote, bila mbia wa 20%, duara za wachimbaji wadogo zimezaa mafundi wengi wa mashine. Sababu ni kwamba mwenye duara ananunua mashine ndogo, bei anayoimudu, analipa taslimu, na anamjua fundi. Mgodi mkubwa hauwezi kununua karasha ya Katoro, naelewa, lakini yule fundi wa Katoro ndo mtu wa kuanza naye ukitaka kiwanda cha vipuri, sio mtu mwenye chumba kimoja na mashine ya EFD.

Na wachimbaji hawa walipolegezewa wakaonekana. Mapema 2019 serikali iliwaondolea VAT ya 18% na ile kodi ya zuio ya 5%, Machi mwaka huo likafunguliwa soko la dhahabu Geita, yakafuata mengine, Mwanza tukapata letu. Dhahabu iliyokuwa inapita kwenye mifuko ya suruali ikaanza kupimwa mezani pointi kwa pointi. Sisemi yote ni mazuri kwao, zebaki bado wanashika kwa mikono mitupu na wanaichoma nyuma ya nyumba ambamo watoto wamelala, na maji mengi ya huku mwisho wake ni ziwani. Hilo linahitaji makala yake.

Kuna jambo moja la kiuchumi linasahaulika kabisa na linatugusa sisi wa ziwani moja kwa moja. Dola zikiingia kwa wingi shilingi inapata nguvu. Mwishoni mwa 2024 mliona wenyewe, dola ilitoka kama 2,700 ikashuka mpaka karibu 2,400 ndani ya miezi michache, dhahabu ilikuwa sehemu ya sababu pamoja na korosho na watalii. Aliyeagiza simu alifurahi. Lakini mwenye kiwanda cha minofu anauza Ulaya kwa euro au dola, mishahara na umeme analipa kwa shilingi, samaki ni wale wale na shilingi anazopata zimepungua. Mnunuzi wa pamba hivyo hivyo. Kwa hiyo dhahabu ikipanda bei sana, na 2025 ilivuka dola 3,000 kwa wakia ikaenda mpaka zaidi ya 4,000, inaweza kuwabana wale wale waliokuwa na viwanda tayari. Na ikishuka kama ilivyoshuka 2013 migodi inakata wazabuni kwanza. Ongeza na vijana, tetesi ya rashi, yaani dhahabu mpya imeonekana na watu wanakimbilia, ikitokea sehemu shamba la pamba linabaki na wazee.

Na mgodi unaisha. Golden Pride ya Nzega, ndo mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa, ulianza 1998 na miaka kama 15 baadaye habari yake ikawa imekwisha. Buzwagi ilifungwa 2021, pale eneo likatengwa kuwa la viwanda, kuna barabara, umeme na uwanja wa ndege, kwa hiyo Kahama angalau imeachiwa pa kuanzia. Umeme nauweka kwenye faida za kweli, mgodi ukinunua umeme wa gridi laini kubwa inafika na karakana za pembeni nazo zinaunganishwa, ila Geita kwa zaidi ya miaka 20 mgodi ulijiendesha kwa mitambo yake ya mafuta, miaka yote hiyo laini ilikosa mteja wake mkubwa.

Sasa zamu imefika kwetu mkoani. Nyanzaga, wilaya ya Sengerema, sio Geita tena, ni Mwanza hii hii. Aprili 2025 Perseus ya Australia ilitangaza imeamua kujenga, zaidi ya dola milioni 500, dhahabu ya kwanza inatarajiwa mapema 2027. Ushuru wa huduma utaenda Sengerema. Mtambo unajengwa hivi sasa, na ni sasa hivi ndo inaamuliwa chokaa itatoka kwa nani, ngazi zitachomelewa wapi, chakula cha kambi kitalimwa na nani, kwa sababu mikataba ya ununuzi ikishakaa miaka mitatu mitano kuibadilisha ni kazi. Madiwani wa Sengerema wana haki ya kuuliza malipo ya mzabuni mdogo yatakuwa siku ngapi, na mzabuni mkubwa akimchelewesha mdogo nani anamwajibisha. Benki zilizojaa pale Kenyatta Road zinaweza kukopesha kwa kushika LPO badala ya hati ya nyumba, zikiamua.

Kaka yangu wa karakana nilimpigia jioni ile ile nikiwa bado Busisi, nikamwambia nimeona lori limebeba ngazi za chuma zimefungwa kwa kamba, zinaenda upande wa Sengerema, rangi ya njano. Akaniuliza zimechomelewa mshono mmoja au miwili. Nikamwambia sikuweza kuona, lori lilikuwa linatembea.